Mstari Aliouruka Mwenye Ploti

Mwalimu wetu alistaafu, lakini chaki haikumtoka mkononi. Kila jioni alitufundisha ngumbaru hapa Kawangware, watu wazima kama elfu moja ndani ya chumba cha kutosha mbuzi wawili. Hata mwenye ploti alijifunzia kusoma humo. Alipohitimu, akakibomoa, akajenga nyumba za kupangisha. Nilikasirika hadi chai ikachemkia tumboni mwangu.

Mwalimu alipofariki, familia iliniomba niandike historia ya marehemu. Wazee wa kanisa wakampa mwenye ploti aisome, eti ndiye mkubwa. Akasoma vizuri kuhusu watoto aliowalea na barua alizowaandikia majirani. Alipofika pale pa darasa kubomolewa, akakohoa, akaruka.

Nikasimama. “Mzee, umeruka mstari.”

“Keti, kijana. Haya ni matanga.”

“Nitaketi ukiusoma. Kusoma unajua, ni yeye alikufundisha.”

Mjane akainua kichwa. “Usome, mzee. Mume wangu alifundisha nje kwa mvua miaka miwili.”

Akausoma kwa sauti ya mbu. Nikamwambia arudie, walio nyuma hawakusikia.