Darubini ya Tatu Ilikuwa Inatazama Dirisha Langu

Mama mwenzangu, usipite. Soma mpaka mwisho.

Mimi nasafisha vioo kwenye ule mnara mrefu wa mawasiliano wa hapa mjini. Juu kabisa, pale wageni wanapopanda kutazama mji, kuna darubini nne. Kila jioni nazifuta na kuziinamisha zitazame sakafu, vumbi lisiingie.

Asubuhi moja nakuta ya tatu imeinuliwa.

Nikachungulia. Moyo paa!

Dirisha langu. Bati langu la bluu. Na binti yangu wa miaka kumi na moja anapiga mswaki.

Yuko peke yake. Ni likizo, baba yake kasafiri. Na ana kifafa. Tulikubaliana akijisikia vibaya aning'inize taulo jekundu dirishani, nami nitaliona kwa darubini. Mnara unabeba simu za mji mzima, kwangu simu ni moja, naondoka nayo.

Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena.

Anayepanda kabla yangu ni mmoja tu, mzee anayeendesha lifti. Tunamwita Babu Lifti. Mpole kupita kiasi, na hilo nalo likanitia shaka.

Siku ya nne ananifungulia lifti, anatabasamu. "Mama, bintiyo leo kavaa sweta la njano. Kachangamka kweli!"

Nikamuuliza, "Umemwonea wapi?"

"Si huko huko juu," akacheka.

Nikasema, leo utanijua! Nikaenda kwa meneja, nikamwaga yote na ya kuongezea. Mchana Babu akatoka na chupa yake ya chai kwapani. Hakuniangalia.

Asubuhi iliyofuata darubini ya tatu imeinama, kama nilivyoiacha. Nikashusha pumzi.

Nikaanza kuitafuta nyumba. Mabati, matangi ya maji, mabati tena. Zungusha huku, zungusha kule, wapi!

Mlinzi akapita. "Leo unahangaika mwenyewe, dada? Babu alikuwa anakutegea."

"Kunitegea nini?"

"Si wewe siku ya kwanza ya likizo ulilia kwenye lifti, mapumziko yameisha hujaiona nyumba yako? Mzee akasema, huyu mama nitamtafutia mimi, akifika tu amwone mtoto."

Nikairudia darubini, nikazungusha. Hapo hapo bati la bluu likaingia kwenye kioo.

Taulo jekundu.

Nilimpigia jirani huku nashuka. Nilipofika alikuwa ameshamlaza ubavu. Mwanangu alipona. Daktari akauliza, "Taulo lilikaa dirishani muda gani?"



Jumapili nikaenda kwa Babu Lifti. Nimesimama mlangoni. Yeye akauliza tu, "Mtoto anaendeleaje?"

Kwa meneja nimerudi mara tatu kukiri kosa. Nafasi ameshapewa mwingine.

Mama mwenzangu, kumhofia mwanao ni haki yako. Lakini kabla hujamfikisha mtu ofisini, msimamishe umuulize, kwa nini? Mimi swali hilo moja lilinishinda. Sasa napanda lifti kila asubuhi, na hakuna wa kuniambia mwanangu kavaa nini.