Oili Namba Arobaini

Harufu ya oili chafu ikinipitia puani, popote nilipo, hunirudisha uani kwetu Izia, pale Sumbawanga, na hunibidi nitafute mahali pa kukaa. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au udi. Mimi, mnisamehe, naukumbuka wangu kwa oili nyeusi iliyokwisha kutumika, ambayo kwetu hupakwa kwenye nguzo za uzio ili mchwa wasizitafune. Mwaka ule nguzo zetu zilipakwa kuliko za mtu yeyote mtaani, na aliyesababisha ni mimi.

Baba alikuwa mfanyabiashara. Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta bidhaa, alianza safari za Tunduma kufuata sabuni, betri na vitenge. Wenzake walinunua pikapu. Yeye alinunua gari la mbio, jekundu, lenye tabo, kutoka kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Mama alilizunguka mara moja, akauliza sabuni zitakaa wapi. Zilikaa kiti cha nyuma, zilikaa kiti cha mbele, na siku nyingine zilikaa mapajani mwa abiria. Gari la kukimbia kwenye lami lilipewa vumbi la Ufipa, na baba alilipenda hivyo hivyo.

"Tabo ni kipangaboi kidogo," aliniambia, amelala chali juu ya gunia chini ya injini. "Kinazungushwa na moshi, kinakwenda mbio kuliko injini yenyewe, na chakula chake ni oili tu." Kwa hiyo oili yake ilitakiwa iwe nyepesi, ya kukifikia upesi asubuhi zetu za baridi. Madukani kwetu ilijaa namba arobaini, oili nzito ya malori na mashine za kusaga. Asubuhi ya Juni ilimiminika kama uji uliolala. Baba hakutaka hata kuisikia. Yake aliinunua Tunduma kwa katoni, akaifungia stoo.

Tena hakuzima gari mara tu akifika. Tabo lazima ipoe kwanza injini ikiunguruma taratibu, na kipimo chake kilikuwa kikombe cha maji. Nikisikia mlio wake kona ya mtaa nilikimbilia mtungini. Alikunywa amekaa kwenye usukani, polepole, majirani wakimsalimia dirishani, na kikombe kikiisha ndipo alipozima. "Ahsante, mama," alisema. Aliniita mama kwa kuwa jina langu, Zuhura, ni la mama yake, Bibi wa Kasanga, aliyetuletea samaki, migebuka mikavu, kwa kila lori lililopanda kutoka ziwani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ndani ya gari, chini ya usukani, kilining'inia kikadi kilichokatwa kwenye boksi la sabuni, chenye namba ya kilomita ambayo oili itamwagwa tena. Gari la kawaida, alisema baba, unaweza kulivumilia hadi elfu tano. Hili, kwa mbio zake na vumbi letu, elfu tatu, isizidi. Nilikuwa darasa la nne na kujumlisha kwangu kulisifiwa hata na mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu. Basi baba alinisomea namba ya dashibodi, mimi nikaongeza elfu tatu na kuandika.

Siku ya kumwaga oili ndiyo siku pekee aliyoshinda nyumbani. Ilikuwa daima Ijumaa, akirudi msikitini. Alivaa suruali iliyokufa, akatandika gunia, akanisimulia habari za Bibi na za samaki walioruka ndani ya mtumbwi. Siku nyingine zote alikuwa njiani. Mimi nilimtaka baba yangu, na nilikuwa na kalamu. Nikaongeza elfu mbili na mia tano badala ya elfu tatu. Hakuna aliyeuliza. Safari iliyofuata nikaongeza elfu mbili. Mwisho nilifika elfu moja na mia tano.

Fundi Kapele, jirani yetu, naye alikuja na kopo kuomba oili ya nguzo zake. Siku moja alichovya kidole, akakiinua juani. "Baba Zuhura, hii bado ina rangi ya asali," alisema. Baba akamwuliza kama anaitaka au haitaki. Mimi niliingia ndani haraka, nikajifanya nafagia.

Katoni zilizotakiwa kumfikisha mwisho wa mvua ziliisha mvua zikiwa zimepamba moto. Njia ya Tunduma ilikuwa matope matupu na malori yalilala njiani siku nne, tano. Asubuhi moja ya baridi na manyunyu, dereva wa lori la samaki alibisha hodi. Bibi alikuwa mahututi, na alikuwa akimtaja baba.

Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akapima tena. Ilikuwa imepungua sana. Alikwenda stoo mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni akiyatazama makopo matupu niliyokuwa nimeyapanga vizuri kama vyombo vya harusi. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Fundi Kapele alileta alichopata dukani, namba arobaini. "Hii nzito kwa tabo, Baba Zuhura. Na baridi hii. Basi hata uiache injini ingurume kwanza, ipate moto."

"Mama ananisubiri," baba alisema, akamimina, akaondoka bila kunitazama. Nilidhani ni haraka.

Gari lilikufa mbele ya Matai, kwenye njia ya Kasanga, kwa moshi wa buluu na mlio wa chuma. Alitembea, akalala njiani, akapata lori asubuhi. Alipofika Kasanga, Bibi alikuwa amezikwa jana yake alasiri. Hakumwona.

Alirudi juu ya magunia ya dagaa. Nilimpelekea kikombe cha maji, kwa mazoea tu, na nilipofika nacho nikaona aibu, maana hapakuwa na injini ya kungojewa ipoe. Alikipokea akiwa amesimama, akanywa polepole mpaka kikaisha. "Ahsante, mama," alisema.

Watu wa matanga walijaa. Kila aliyeaga alisema, "Tutaonana arobaini." Mama jikoni alipanga na shangazi mchele wa arobaini. Nami, mtoto wa miaka kumi, nilijua arobaini moja tu, ya kwenye kopo. Niliamini mji mzima umeshajua kilichomuua Bibi na kilichoua gari, na kwamba siku inapangwa ya kunihukumu. Siku ya kwenda Kasanga nilijilaza nikisema tumbo. Wakamsomea Bibi dua bila mimi, mtu aliyebeba jina lake.

Baba hakununua tena gari la mbio. Sikumwambia, na aliishi miaka mingi ambayo ningeweza kumwambia.

Tumemzika. Siku ya arobaini yake, Fundi Kapele, mzee sasa, alikuja akijikongoja. Nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha uani, na hapo hapo yakanitoka yote: kikadi, namba, makopo.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Wewe mtoto," alisema, "baba yako alishindwa kusoma dashibodi? Siku ile ya oili ya asali, ulipoingia ndani, nilimwambia kikadi kimekosewa. Akaniambia, 'Najua, fundi. Mama anataka nishinde nyumbani.'"

Kwa hiyo mlangoni pale pa stoo alijua makopo yamekwenda wapi, na nadhani alijua pia niko nyuma ya mlango. Asubuhi ile baba yangu alikuwa na mama wawili. Mmoja alimkosa kwa sababu ya mwingine, akarudi, akanywa maji ya yule aliyebaki, akamshukuru.