Watoto Wanne wa Mwalimu Tunu

Habari hii ningependa nife nayo, lakini kwa kuwa Itigi nzima inaijua na kila mtu anaitia chumvi ya kwake, bora mniulize mimi mwenye aibu.

Kwanza mjue nilikotoka. Siku naondoka kwenda kusomea ufundi wa samani, baba mdogo Yona alisema mbele ya watu, "Huyu atarudi kuazima nyundo." Wengine waliapa kwamba nikisimamisha hata kigoda cha miguu mitatu watakula udongo. Miaka saba baadaye nikarudi na diploma, nayo si karatasi ya semina ya siku mbili, ni diploma yenye muhuri, nimeitia kwenye fremu ya mninga niliyoichonga kwa mkono wangu na ipo ukutani karakana, njooni mwone. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilibeba mizigo stendi, nikachonga majeneza, nikajisomesha. (Kweli, nilipofungua karakana niliazima vifaa viwili vitatu: jeki za kubania mbao kwa jirani, pima maji kwa fundi mmoja wa kujenga, randa kwa Mzee Nkungi mfuga nyuki, ambaye huchonga mizinga yake mwenyewe, na nyundo, haya, chekeni, nyundo kwa baba mdogo Yona. Lakini kuazima siyo kushindwa.)

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kabati la nguo la Mwalimu Tunu, mwalimu mgeni, hana mume wala mtoto, amepanga nyumba karibu na stesheni. Alikuja akasema, "Fundi, nataka kabati lenye droo nne." Nami, badala ya kuandika vipimo nikanyamaza, nikamsahihisha. Nikamwambia, "Mwalimu, unafundisha Kiswahili halafu unasema droo? Kwa Kiswahili fasaha huyo ni mtoto. Mtoto wa meza, mtoto wa kabati. Kwangu hakuna droo." Akacheka, akasema haya, watoto wanne. Kila alipojisahau nilimkatiza mpaka ulimi wake ukazoea.

Kabati likatoka zuri, siwafichi. Pale karakana, kwenye sakafu yangu, watoto wote walitoka na kurudi kimya kabisa. Tukalipakia kwenye guta la magurudumu matatu, na mwenye guta akaniuliza, "Fundi, huendi kulipanga mwenyewe?" Nikamjibu, "Diploma haibebi makabati." Nikampigia Mwalimu simu kwamba mzigo unakuja, na watoto wakilia aniite, nitakuja mara moja. Kisha nikaendelea na mambo makubwa zaidi, kwa sababu wiki ile nilikuwa naoa. Au nilidhani hivyo.

Nilikuwa nimemposa Salome, binti wa huyohuyo Mzee Nkungi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupokea jibu. Kwa desturi mwenye kuposa hukaa nyumbani akawaachia wazee, na baba mdogo Yona, aliyekuwa mshenga wangu, alinisihi nibaki. Nikasema sibaki, nani atanieleza vizuri kuliko mimi? Basi nikaenda, shati jeupe, mkoba wa vifaa begani (waone kwamba natoka kazini), nikatoa shikamoo zote, nikakaa. Katika kujieleza nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa masomo yangu, nawatajia somo moja baada ya lingine, simu ikaita. Nikaona jina la Mwalimu Tunu. Moyo ukaniambia anapiga kushukuru. Nikasema, "Wazee wangu samahani, ni mteja," nikaweka spika ili wasikie wenyewe.

"Fundi," Mwalimu akaanza, sauti imejaa sebule nzima, "watoto wako wanalia."

Sijui kwa nini sikuizima.

"Wote wanne. Nikiwagusa tu wanalia, mpaka majirani wananiuliza humu ndani kuna nini. Na yule mkubwa wa chini amegoma kabisa. Wewe si ulisema wakilia utakuja? Umeniletea, umeniachia, hata kuja kuangalia walivyokaa hukuja!"

"Nakuja, Mwalimu," nikasema, nikakata.

Shangazi Foibe, dada yake Mzee Nkungi, aliweka kikombe chini taratibu sana. "Wanne?"

"Wanne, shangazi," nikajibu, maana walikuwa wanne.

"Mwalimu huyu aliyekuja juzi?"

"Niliwatengeneza kwa wiki mbili tu," nikasema kwa fahari (ndiyo, kwa fahari, akili yangu ilikuwa bado kwenye mbao), na baba mdogo akanifinya paja hadi nikaruka. Hapo ndipo nikaona nyuso zao. Nikaanza kueleza kwamba ni watoto wa kabati, na Mzee Nkungi akauliza polepole, "Kabati linazaa?" Nikapiga kelele, "Droo! Wazee wangu, ni droo!"

"Ahaa," akasema Shangazi Foibe. "Sasa zimekuwa droo."

Salome alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na sinia mkononi. Akaliweka juu ya meza. "Baba, si mbali. Twendeni tukawaone hao watoto."

Tukapita katikati ya soko, mimi mbele, ukoo mzima nyuma, na kila aliyeuliza tunakwenda wapi Shangazi Foibe alimjibu, "Kuona wajukuu." Tulipofika stesheni tulikuwa na watu ambao hata sikuwafahamu.

Mwalimu alishtuka kuona umati, lakini akatukaribisha. Akavuta mtoto wa juu, mtoto akalia kama ndama aliyeachwa zizini. Mzee Nkungi akacheka mpaka akatoa leso, Salome akacheka, hata baba mdogo akapumua. Mkasa ulikuwa umekwisha pale. Ningesema nitakuja Jumatatu kulishughulikia, leo ningekuwa mume wa mtu. Lakini nilikuwa nimechekwa, na mtu mwenye diploma akichekwa anataka kulipa palepale. Nikasema, "Dakika tano tu. Wazee mkae mwone kazi ya kisomo."

Nikawaambia ni msuguano, mbao imevuta unyevu. Nikamtoa mtoto wa kwanza nikamranda ubavu, kwa randa ya Mzee Nkungi mwenyewe. Nikamrudisha, akalia. Nikaranda ubavu wa pili. Akalia. Mtoto wa pili, wa tatu, vilevile. Nikaomba sabuni nikawasugua, wakalia na povu. Maranda yamejaa sebule, jasho linatiririka, na Shangazi Foibe anahesabu dakika kwa sauti.

Akabaki yule wa chini aliyegoma. Nikaweka mguu kwenye kabati, nikavuta kwa mikono miwili. Akatoka, tena kwa hasira, nikaenda chali pamoja naye, nikapiga kisogo kwenye ndoo ya maji ya Mwalimu ikapinduka, na karatasi za mtihani za darasa la tano zikanifunika kifua. Shangazi akaokota moja, akaisogeza mbali kidogo asome. "Mbili kwa hamsini. Hii ndiyo yako?"

Watu wote waliinua miguu kukwepa maji, isipokuwa Salome. Yeye aliyatazama yanavyokwenda.

"Mbona yote yanakimbilia mlangoni?" akasema. "Sakafu hii imeinamishwa upande huu, ili mtu akideki maji yatoke." Akachuchumaa, akaingiza kidole chini ya mguu wa mbele wa kabati, kikapita chote. "Mguu huu haugusi chini. Kabati limejipinda, ndiyo maana linawabana."

Akachukua kipande cha ubao katika takataka zangu, akakisukuma chini ya ule mguu. Mzee Nkungi akatoa donge la nta mfukoni, akapaka kwenye reli za mbao ambazo watoto hupita juu yake, na mimi nilikuwa nimeziacha kavu. Salome akasukuma mtoto wa chini. Kimya. Wale watatu wa juu nao hawakulia tena, ila walikuwa wanacheza kama meno ya mzee, kwa kuwa nilikuwa nimewamaliza mbavu bila kosa lao.

Na ile pima maji niliyoazima, kifaa cha kumwambia mtu kama kitu kimekaa sawa au kimeinama, ilikuwa ndani ya mkoba wangu tangu asubuhi. Hata zipu ya upande ule sikuifungua.

Salome akafuta mikono kwenye khanga yake. Siku zote alikuwa ananiita kwa jina langu, lakini sasa akasema, "Fundi, siku nikilia mimi, nawe utaanza na randa?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu, tena nadhani alilitaka kweli. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Kitaalamu..."

Sikumaliza. Alishaokota karatasi za Mwalimu, anazipanga.

Jibu la posa lililetwa na baba mdogo siku tatu baadaye. Hakukaa hata kitini.

Watoto watatu wa Mwalimu Tunu niliwatengeneza upya. Siku hizi sitoi kabati karakana bila kulifuata, natembea kando ya guta kama mfiwa, na kabla halijashushwa nimeshaweka pima maji sakafuni. Simu yangu haijaenda spika tena. Na mteja akisema droo, naandika droo.

Ilinichukua mwaka na nusu kukamilisha vifaa vyangu mwenyewe, kimoja kimoja. Siku vilipotimia nilivaa shati lilelile jeupe nikazunguka kurudisha vya watu. Jeki kwa jirani. Pima maji kwa fundi wa kujenga. Baba mdogo Yona alipokea nyundo yake, akaipima uzito mkononi, akasema, "Basi hukushindwa," nami nikashukuru tu, nikashika njia. Randa niliiacha mwisho.

Mzee Nkungi alikuwa porini kwenye mizinga. Aliyefungua mlango ni Salome. Akaipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Umeinoa."

"Nimeinoa."

"Haya, asante. Baba nitamwambia."

Akaingia nayo ndani. Nikabaki pale barazani, mtu ambaye hakuna tena wa Itigi anayemdai hata msumari, nikasikia droo inavutwa, kisha inarudishwa, taratibu, kimya kabisa. Sikuuliza nani aliitengeneza.