Moza wa Gerezani: 'Karavani na gari lazima vivae kiatu kimoja'

Saa moja na nusu asubuhi, maduka mengi ya spea Gerezani, jijini Dar, bado yana makufuli. Moza Kitwana amepiga magoti kwenye zege, kanga kaifunga kiunoni juu ya ovaroli, anapima umbali kati ya bolti za gurudumu la nyuma la Landkruza nyeupe. Anaandika namba kwa chaki ubavuni mwa tairi. Anaifuta. Anapima tena.

"Si umeshapima mara mbili, fundi?" anauliza mwanamke aliyesimama nyuma yake.

"Ya kwanza nilipima kwa wasiwasi wako, dada Benedikta," Moza anajibu bila kugeuka. "Hii napima kwa wangu."

Nyuma ya gari ipo karavani, ile nyumba ndogo inayokokotwa, imepandishwa juu ya magogo ya mbao. Haina gurudumu hata moja. Leo ni Alhamisi, na Jumatatu asubuhi inatakiwa iwe barabarani kuelekea Liwale.

Moza, mwenye umri wa miaka 46 na mkazi wa Mchafukoge, ana ufundi ambao wengi hawaujui mpaka wakwame njiani. Kazi yake ni kufanya kinachokokotwa kitembelee magurudumu yaleyale ya kinachokokota. Huletewa matela ya mazao, matela ya jenereta, na mara mojamoja karavani za wasafiri wa mbali.

"Ukibeba tairi moja la akiba, limfae anayevuta na anayevutwa," anasema. "Vinginevyo umebeba mzigo tu."

Benedikta Chitanda analijua hilo kwa machungu. Ni muuguzi wa macho, mzaliwa wa Masasi, na anaongoza kikundi cha kujitolea kilichonunua karavani hiyo kuukuu na kuigeuza chumba cha kupimia macho.

Oktoba mwaka jana, gurudumu la karavani lilipasuka walipokuwa wameshapita Nangurukuru. Juu ya gari walikuwa na matairi mawili ya akiba, yote mazima. Hakuna lililoingia. Gari lina bolti sita kwa kila gurudumu, karavani ilikuwa na nne, na vigurudumu vyake vidogo havikupatikana duka lolote la karibu.

"Nilikaa chini nikayaangalia yale matairi mawili mazima, nikalia," anasimulia Benedikta. "Tulisubiri siku nne mpaka la karavani likaletwa kutoka Dar."

Walipofika kijijini huko Liwale, wazee 31 waliokuwa wamekusanyika kupimwa mtoto wa jicho walikuwa wameshaondoka. Baadhi yao walikuwa wameletwa kwa baiskeli na kulala darasani siku mbili. Mwenyekiti wa kijiji alimpokea kwa heshima, lakini alimwambia neno ambalo hajalisahau: "Mkija tena, msitutangazie mapema."

Safari hii wametangaza tena. Ndiyo maana, asubuhi hiyo ya Alhamisi, nusura Benedikta akubali njia ya mkato. Fundi mmoja wa jirani alimwambia angetoboa matundu mapya kwenye rimu za zamani za gari, azibane kwenye karavani, na jioni hiyohiyo Benedikta angeondoka nayo.

"Kwa nini yeye aweze leo na wewe utake mpaka Jumamosi?" Benedikta alimuuliza Moza.

Moza aliweka spana chini. Kisha akamweleza jambo ambalo mafundi wengi wangelificha.

Alifika Gerezani akiwa na miaka 22, akiuza chai na maandazi kwa mafundi. Wateja walipomwomba awashikie rimu, alianza kuzitambua: hii ya pikapu, hii ya basi dogo, hii imepinda. Baada ya miaka mitatu aliacha birika akawa muuza rimu kuukuu, akisifika kwamba jicho lake halikosei.

Mwaka 2009 lilikosea. Mkulima alitaka magurudumu ya tela la nyanya yafanane na ya gari lake. Moza alichagua rimu kwa macho. Ziliingia, ila kwa kusukumwa. Tofauti ilikuwa milimita chache. Kwenye mteremko kabla ya Chalinze bolti zilikatika moja baada ya nyingine, gurudumu likachomoka, tela likalivuta gari mtaroni. Dereva, Anuari Fikirini, alivunjika mkono wa kulia mahali pawili.

"Hakuna aliyejua ni mimi niliyechagua zile rimu, isipokuwa mkulima na mimi mwenyewe," anasema Moza. "Ningeweza kunyamaza."

Hakunyamaza. Alimfuata Anuari wodini, akasimama kando ya kitanda na kumwambia kila kitu. Alimwambia pia kwamba anaacha kazi na kurudi kwenye chai.

Anuari, ambaye sasa ana miaka 63, anaikumbuka siku hiyo. "Nilikuwa na hasira, sikufichi. Lakini nikafikiri, huyu akiacha, atakayekaa pale pake ni mtu asiyejua madhara yake. Nikamwambia, usiache kazi. Kanunue kipimo."

Moza alinunua venia, kipimo cha chuma chenye taya mbili, kwa akiba yake yote ya miezi miwili. Akaenda kwa Ramadhan Mtulia, fundi wa mashine ya kukereza chuma, akamwomba amfundishe kusoma namba zake. Alijifunza pia kukagua mambo yasiyoonekana kwa macho: uzito ambao rimu inaweza kuubeba, hali ya beringi, na umbali wa gurudumu kutoka kwenye ekseli.

Benedikta alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, fundi," alisema. "Jumamosi."

Kazi yenyewe haikuwa ya kubadili matairi tu. Moza aliondoa habu za karavani, vile vitovu vya chuma ambavyo gurudumu hufungwa juu yake, ili aweke habu za bolti sita zinazopokea gurudumu la Landkruza. Magurudumu makubwa yangegonga madigadi, hivyo aliishusha ekseli chini ya springi ili mwili wa karavani unyanyuke. Baada ya hapo ilibidi kiungio cha kukokotea kipandishwe pia, maana karavani ikiinamisha pua huyumba barabarani.

Alihakikisha vilevile kwamba magurudumu ya karavani yatapita palepale yalipopita ya gari. "Barabara za mchanga zina mifereji ya magari," anaeleza. "Zamani hii karavani ilikuwa inajilimia njia yake pembeni. Gari linavuta mara mbili."

Ijumaa saa tisa alasiri, Ramadhan alileta habu mbili zilizokerezwa. Zilikuwa zinang'aa. Moza alizipima, akapima tena.

"Ya kushoto imepitiliza, kaka Ramadhan. Beringi itacheza."

"Kiasi gani?"

"Unywele."

"Moza, unywele! Kwa gari la watu wanaoondoka Jumatatu?"

"Kwa gari la watu, ndiyo."

Ramadhan alisonya, akaichukua habu na kuondoka bila kuaga. Saa kumi na mbili kasoro alirudi na nyingine, jasho likimtiririka, akaiweka mezani. Moza alipima. Ikakubali. Ramadhan akaangua kicheko. "Nilikufundisha mwenyewe," alisema. "Najilaumu mwenyewe."

Jumamosi asubuhi alikuja Anuari. Tangu mkono wake upone, ndiye anayeendesha kila kazi kubwa ya Moza kwa majaribio. Hampi mtu mwingine nafasi hiyo.

"Shikamoo, kaka Anuari."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima."

"Basi twende."

Pamoja na Benedikta, waliikokota karavani kwenye Barabara ya Kilwa ikiwa imejazwa magunia ya mchanga yenye uzito sawa na wa vifaa na dawa. Walipofika Kongowe, Moza alishuka na kugusa kila habu kwa kiganja. Zilikuwa na uvuguvugu tu. Akakaza nati zote upya, kwa sababu gurudumu jipya hulegea kilomita za mwanzo, kisha akamwonyesha Benedikta jinsi ya kukaza mwenyewe. Anuari alitoa gurudumu la Landkruza akalifunga kwenye karavani, akatoa la karavani akalifunga kwenye gari. Yote yaliingia bila kusukumwa.

Jumatatu waliondoka. Moza alirudi kwenye shughuli zake. Siku nzuri hubakiwa na shilingi elfu arobaini baada ya gharama; siku mbaya anakunja meza mapema. Lakini wiki hiyo, anakiri, kila simu ilipoita aliacha alichoshika na kuiwahi.

Iliita Jumatano. Benedikta alikuwa anapiga kutoka kijiji kilekile cha Liwale.

"Fundi, tairi la karavani lilipasuka jana."

Moza aliibana simu sikioni. "Wapi? Mmeumia?"

"Hatujaumia. Tumeshusha la akiba juu ya gari, tumefunga, tumeendelea. Dakika kumi na nane, nimehesabu! Moza, tumewakuta wote wanatusubiri."

Moza alikaa juu ya rundo la rimu, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanabishana bei, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Wiki tatu baadaye mwandishi alimkuta Benedikta Gerezani akiwa na daftari. Watu 214 walikuwa wamepimwa, na 46 kati yao wameandikiwa upasuaji. Gari lenyewe lilipata pancha wakati wa kurudi, likaazimwa tairi la karavani, nayo ikasubiri, mpaka la gari lilipozibwa.

"Watu wananipongeza mimi," alisema Benedikta. "Nawaambia nendeni Gerezani, muulizeni Moza."

Na wanakuja. Mwezi huu amepokea matela matatu na karavani moja ya wenzi wastaafu wanaotaka kuizunguka nchi. Yule fundi wa jirani aliyetaka kutoboa rimu naye amekuja, si kwa ugomvi, bali kuomba afundishwe kusoma venia. Moza amemkubalia.

Hana cheti, na hilo anataka kulimaliza. Amejiandikisha kufanya mtihani wa kutambuliwa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani. "Watanipa karatasi. Mimi nitawapa habu wapime," anasema, na hafichi tabasamu.

Mpango wake mwingine hauhitaji mtihani. Juni, karavani itakaporudi Liwale, atafunga meza yake kwa wiki mbili na kuondoka nayo kama fundi wa msafara.

"Nimewafungia magurudumu watu wanaokwenda kila pembe ya nchi hii, na mimi sijawahi kuuvuka Rufiji," anasema. "Mwombee tu dada Benedikta wasipate pancha nyingi."

Anafikiri kidogo, kisha anajirekebisha.

"Moja wapate. Nataka wanione nikilifunga gurudumu."