Ijumaa za Baba Ghorofani

Watu wa mtaani kwetu bado huniuliza nilifunga magoli mangapi Marekani. Nimechoka kueleza. Mpira wenyewe si huu wetu. Unachezwa kwa mikono, wachezaji wamevaa kofia ngumu, na kazi yangu mimi haikuwa hata kuushika. Nilisimama mbele ya mrushaji, na jitu likimjia nililizuia kwa kifua mpaka mpira uondoke. Basi. Miaka minne chuoni na sita ya kulipwa, na mpira niliupata mara moja tu, ulipoanguka nikaulalia. Picha ya siku ile baba ameitundika ukumbini, nami ndani yake naonekana mgongo.

Mjomba alinichukua kwake Marekani nikiwa na miaka kumi na tano, mrefu kuliko walimu wangu. Kocha wa skuli ya huko aliniona siku ya kwanza, akaitazama miguu yangu kama mtu anayechagua ng'ombe. Miguu hiyo ndiyo iliyokwisha. Goti la kulia limepasuliwa mara tatu, la kushoto mara mbili. Timu ikanishukuru kwa barua, nikarudi Mji Mkongwe kwa baba, umri ishirini na tisa na magoti ya mtu wa themanini. Kwa nje haionekani. Kwa nje mimi bado jumba.

Baba, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka mmoja kabla. Anakaa ghorofa ya pili, na ngazi zetu ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima, na ukutani kuna kamba ya kushikia. Kila Ijumaa fundi cherehani wa nyumba ya mbele na majirani watatu walipanda, wakamshusha na kiti chake, wakampeleka msikitini. Niliporudi mimi, wakaacha.

Nilielewa Ijumaa ile ile. Mzee ana mwana mwenye mabega kama haya. Kuja kumbebea baba yake ni kumwambia mwana hafai. Walinistahi. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilishindwa kutamka kwamba mtu aliyelipwa kwa nguvu zake hawezi kumteremsha mzee wa kilo hamsini. Mwenyewe ngazi zile nilizishuka kinyumenyume, asubuhi mapema, wakati kichochoro kitupu.

"Tungoje kidogo, baba," nilimwambia.

"Hapana haraka, mwanangu. Leo nshachoka."

Ijumaa iliyofuata alitangulia kusema yeye. Tena na tena. Nilimkosha, nikamvisha kanzu, akajitia mafuta ya udi, na adhana ikilia alisema kachoka. Mtu aliyechoka hajipambi namna ile. Alikuwa ananistiri, na mimi nikaikubali sitara yake kwa miezi saba. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Kisha Ijumaa moja aliniomba nifungue dirisha aisikilize hotuba. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Imamu huyu mpya," akaniuliza, "ni mtu mzima au kijana?"

Mtaa mzima unamjua imamu yule. Hupita chini ya dirisha letu kila siku, na baba kitini pake hajapata kumwona.

Ijumaa ya pili yake nilishuka asubuhi, nikavuka hadi kwa fundi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Siwezi kumshusha baba. Magoti yangu yamekwisha. Nnakuombeni mnisaidie."

Akaweka mkasi chini. "Sisi tukidhani tukija tutakuvunjia heshima."

"Nnajua."

"Miezi yote hii?"

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu watakuja kabla ya adhana, akaushika mkasi wake tena.

Walikuja wanne, wakamnyanyua baba na kiti kama hawakuwahi kuacha. Mimi nilibaki juu. Nilitaka waende zao, kichochoro kitulie, nami nishuke kwa namna yangu bila ya mtu kuniona. Nikasikia kiti kikitua mlangoni, kisha sauti ya baba.

"Hatwendi bado. Mwanangu yuko juu."

Mmoja akamwambia hotuba itatupita.

"Naipite. Tutamngoja."

Basi nikawapa mgongo, nikashika kamba kwa mikono miwili, nikaanza. Mguu wa kushoto, kisha wa kulia ukaufuata kwenye kidato kile kile. Mlango ulikuwa umejaa watu, na pengine na wapita njia. Nimechezea viwanja vyenye maelfu ya watu na sikuwahi kuona haya kama zile. Jasho lilinitoka, na katikati nilisimama, nikapumua, nikaendelea.

Kwenye kidato cha mwisho fundi alinipitishia mkono chini ya kwapa, hakuniuliza. Nikamwegemea kwa uzito wangu wote.