Msokoto Mmoja wa Springi

Mdogo wangu tunamwita Springi kwa sababu ni fundi wa makochi, na kwa sababu hakai akatulia. Ulikuwa ukimpelekea kochi lililobonyea katikati, analipasua, anatoa sponji iliyochoka, anakaza mikanda, na kesho yake unakalia kitu kipya. Mikono anayo. Akili nayo anayo, ila sijui huwa anaiweka wapi.

Bangi alivuta, wala hakuficha. "Mmoja tu kwa siku, dada," aliniambia, na naapa hakuwa anadanganya. Tatizo lilikuwa hesabu yake. Asubuhi alisokota mmoja, akavuta kidogo, akauzima kwa kidole gumba chenye sugu na kuupachika nyuma ya sikio. Ukifupika, aliufungua, akamimina kilichobaki kwenye karatasi mpya, akaongeza majani, akasokota tena. Kwa kuwa ndani mlikuwa na mabaki ya asubuhi, kwake huo ulikuwa uleule. Na ile aliyopokezwa na mafundi wa jirani haikuhesabiwa kabisa. Hiyo aliiita salamu.

Kisha akaanza kutapika. Alitapika mpaka nyongo, akawa hawezi kushika sindano, suruali zinamvuka. Kilichompa nafuu ni maji ya moto tu. Wifi yangu alishinda jikoni akichemsha, naye akishinda bafuni akijimwagia mpaka ngozi inababuka.

Daktari wa kwanza alimuuliza kama anavuta.

"Mmoja tu kwa siku, daktari. Nikudanganye ili iweje?"

Wifi akaitikia kwa kichwa, maana ndivyo alivyojua. Basi ugonjwa ukatafutwa kwingine. Wakamshushia kamera tumboni, wakampa dawa za vidonda, wakamrudisha nyumbani. Akawa mtu wa kwenda na kurudi, na kila akirudi amepungua. Nilimchukia sana yule daktari, halafu nikaona namwonea. Aliuliza, akajibiwa.

Wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, hakuuliza kitu. Alimwekea mbele kopo la majani ya chai na karatasi.

"Hebu nionyeshe siku yako inavyokwenda."

Springi alichangamka kama aliyerudishiwa kazi. Akasokota vizuri, akaulainisha kwa vidole. "Huu wa asubuhi. Sasa umefupika, nauongezea." Akafungua, akaongeza. "Nikishapachika mikanda, hivyo hivyo." Aliendelea kueleza na kuongeza, na majani yaliisha kwenye kopo wakati katika maelezo yake jua halijazama. Wifi, aliyeketi kando yangu, alikuwa ameshika mdomo.

"Na huu ni wa ngapi?" daktari akauliza.

"Si ni uleule, daktari?"

Hakucheka. Alimwambia bangi ndiyo inayomtapisha, kwamba wanaovuta sana kwa miaka mingi wengine hupatwa hivyo, na kwamba kutapika kumemkausha mpaka figo zimeanza kushindwa. "Ukiacha kabisa, unaweza kupona. Usipoacha, sina cha kukupa."

Springi alilia, akaapa mbele yetu sote. Nami nikalia, mjinga mimi, kwa furaha.

Juzi nilikwenda kwake. Karakana imefungwa, kochi la mteja limeachwa nje limepasuliwa, sponji imelowa mvua. Nikasikia maji bafuni. Alitoka na taulo kiunoni, uso umevimba, miguu imevimba, akakaa kizingitini kupumzika. Hata shati hajavaa, akachukua msokoto dirishani na kuupachika nyuma ya sikio.

Nikamfokea: "Si uliacha wewe?"

"Nimeacha, dada, Mungu shahidi. Sijaanza mwingine tangu hospitali." Akaugusa taratibu, kuhakikisha upo. "Huu ni ule wa zamani. Namalizia tu."

Nikamgeukia wifi aniunge mkono. Alikuwa ameshabandika sufuria nyingine ya maji.