Barua Moja kwa Nchi Tatu

Dada yangu ana kifafa. Dawa inayomtuliza hutengenezwa na kiwanda kidogo huko Kenya na haijasajiliwa kwetu, kwa hiyo mama alikuwa akivuka mpaka wa Sirari kuinunua akiwa na cheti cha daktari. Zinazouzwa hapa Tarime tulizijaribu. Hazikumtuliza; dada aliangukia jiko la mkaa. Kovu analo mkononi.

Ndipo ikaja rasimu ya kanuni: dawa isiyosajiliwa isivuke mpaka, hata kwa mgonjwa mwenye cheti. Niliisoma kwenye simu. Sijasomea sheria wala famasia, najifundisha kwa bando tu. Nikatafuta nani kaiomba. Chama cha kampuni kubwa za dawa kilikuwa kimeziandikia serikali tatu, yetu ikiwemo, barua yenye maneno yaleyale, eti kwa usalama wa mgonjwa. Aya ya tano ya rasimu ilikuwa barua yao, nukta kwa nukta. Mgonjwa gani? Walimwona wapi?

Wananchi tulipewa siku kumi na nne kutoa maoni. Nilijifungia chumbani, hapa kwetu Nyamisangura, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Niliogopa wasomi watanicheka. Mama alichungulia mlangoni.

“Hiyo ni barua au ni kikao cha mahari? Mbona haiishi?”

Nilituma siku ya kumi na sita. Nilijibiwa siku hiyohiyo: muda umekwisha, tunashukuru kwa ushiriki wako. Mama nilimdanganya kwamba niliwahi.

Kanuni ikapita. Mpakani wakamnyang'anya mama dawa ya mwezi mzima, na dada akaanguka mara tatu wiki hiyo.

Safari iliyofuata mama alificha dawa ndani ya mfuko wa unga wa wimbi. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu anayerudisha hata chenji iliyozidi. Nilitaka kumsindikiza.

“Wewe baki,” alisema. “Uso wako utatuuza.”

Alirudi alasiri, akamwaga unga kwenye ungo, tukaanza kuokota pakiti. Nilikuwa nafuta kila moja mara mbili kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikamwambia ukweli kuhusu zile siku kumi na sita.

Hakuniangalia. Aliendelea kuokota.

“Na hao wa chama cha kampuni, waliandika mara ngapi?”

“Mara moja tu, mama. Zile za nchi nyingine mbili ni nakala.”